Nchi Isiyouliza "Umejuaje?"

Namna nilivyofika Chorowe haina utamu wowote, na safari za vumbi zote zinafanana, kwa hiyo nitaanza na kuta.

Katika nchi hiyo hakuna gazeti, hakuna mpiga mbiu, wala hakuna anayepaza sauti sokoni. Neno lolote ambalo mtu anataka wenzake walijue huliandika kwa rangi kwenye ukuta wa nyumba yake, upande wa barabarani, na mwenye kutaka kujua hutembea akasoma. Ukuta mmoja utakwambia mvua itaanza lini, wa pili namna ya kumtuliza mtoto anayeota meno, wa tatu kwamba mwenye ukuta wa pili ni mchawi. Mtu akipendezwa na neno hulibeba kichwani, akifika kwake hulinakili ukutani, na hakuna wa kumzuia. Mimi nimefundisha shule tangu ujana wangu mpaka nywele zimeingia mvi, na sijapata kuona watu wanaopenda kusoma kiasi kile. Wauza samaki walisoma. Wazee walisoma wakiwa wameegemea bakora zao. Siku ya kwanza niliona wivu, nikawakumbuka wanafunzi wangu wa Jumatatu asubuhi.

Nchi hiyo ina Baraza la Kupima Maneno, na wajumbe wake ni watu wazima wenye heshima na kanzu zilizopigwa pasi. Kuta zikitofautiana juu ya jambo zito, Baraza hukaa likapima, na neno linaloshinda huitwa neno la nchi, likafuatwa na wote. Vipimo ni vitatu. Cha kwanza ni nyayo: Bwana Pandu, mpimaji mkuu, huchomeka kijiti ardhini mbele ya ukuta kuona wasomaji wamechimba kiasi gani kwa miguu yao. Penye shimo la kufika kifundoni pana ukweli mkubwa. Cha pili ni rangi. Neno la rangi mbichi hulishinda la rangi kavu, ndiyo maana kila alfajiri utaona watu wakipaka upya maneno yale yale ya miaka iliyopita bila kubadili hata nukta, kisha wanakwenda kunywa chai. Cha tatu ni mlango. Nyumba yenye mlango wa nakshi na misumari ya shaba haiwezi, kwa mujibu wa sheria, kuwa na uongo ukutani.

Nilimwuliza Bwana Pandu kama haiwezekani watu wakasimama wengi mbele ya ukuta kwa sababu tu unachekesha.

Alinitazama kwa huruma. "Mgeni," alisema, "watu wote hao wapoteze muda wao bure?"

Kwa kweli niliipenda imani aliyokuwa nayo kwa wenzake.

Usidhani nchi nzima ilikuwa na imani hiyo. Palikuwa na kikundi kilichojiita Wakataa-kuta. Hawa walishawahi kusoma ukutani uongo mmoja mkubwa, wakaapa kutosoma tena chochote, na walipopita barabarani walijifunika uso kwa ncha ya shuka. Walijiona werevu kuliko wote. Wiki niliyofika mmoja wao alitumbukia katika kisima cha njia panda, kisima ambacho mtaa mzima ulikuwa umeandika habari zake kwa herufi za kimo cha mtoto. Alipotolewa alisema walau hakudanganywa.

Mwenyeji wangu aliitwa Mashavu, msichana mwembamba asiyefanana kabisa na jina lake, mtafiti wa Baraza. Kazi yake ilikuwa kuzunguka akasoma kuta, kisha kuwapelekea wajumbe taarifa ya neno linalostahili kushinda. Aliifanya kwa moyo. Alirudi jioni viatu vimejaa vumbi, na hata akila alikuwa akitaja mitaa ambayo bado hajaifikia. Aliishi na bibi yake, Bi Mwanakheri, kikongwe mwenye ulimi mkali na mikono isiyotulia, aliyesuka ukili wa mikeka siku nzima kwa kupapasa. Mtoto wa Bi Mwanakheri ndiye aliyekuwa Mkuu wa Baraza lenyewe, Bwana Mtumweni, baba mdogo wa Mashavu. Nyumba yake ilipakana na ile yetu. Kila asubuhi, kabla hajavaa joho la ukuu, alikuja akamshika mama yake mkono, akamkalisha penye jua, akampangia miwaa ya kusuka upande wake wa kulia. Nakwambia haya ili usimwone mtu mbaya baadaye. Hakuwa mtu mbaya.

Miaka ya karibuni ugonjwa wa macho ulikuwa umeingia Chorowe. Waliuita ukungu, kwa kuwa mgonjwa huona kama kila kitu kimefunikwa na ukungu wa asubuhi, na kwa wengine ukungu ule haukuzidi wala kupungua. Bi Mwanakheri alikuwa nao kwa muda mrefu. Aliona mwanga, aliona umbo la mtu mlangoni, na aliweza kumtofautisha Mashavu na mwanawe kwa kimo. Lakini sasa kuta zilikuwa zimepata neno jipya: utomvu wa mti wa mlembe, tone moja kila jicho, unaondoa ukungu. Neno hilo lilikuwa kila mahali. Baraza lilikuwa karibu kukutana kulitangaza kuwa neno la nchi, na wa kwanza kutiwa dawa siku hiyo, kwa heshima ya mwanawe, angekuwa Bi Mwanakheri.

Nilisikia habari hiyo tukila ndizi za nazi. Bibi mwenyewe ndiye aliyeniambia, huku akitabasamu kuelekea mahali ambapo alidhani nimekaa.

"Keshokutwa nitakuona sura, mgeni. Mashavu anasema una uso wa kugomba."

"Nitafurahi, bibi," nilisema. "Ila mmejuaje kwamba utomvu huo unaponya?"

Bi Mwanakheri aliweka tonge chini. Mashavu aliinuka akafunga dirisha. Nilidhani nimekanyaga mkia wa paka. Mwishowe bibi alisema, kwa upole mkubwa, kwamba mimi ni mgeni na mgeni husamehewa, lakini sheria ni sheria, na ufagio uko nyuma ya mlango wa jikoni.

Ndivyo nilivyojifunza jambo kubwa la nchi ile. Unaweza kumwuliza Mchorowe umri wake, au idadi ya wake zake, au kwa nini mwanawe hajaoa, naye atajibu. Lakini kumwuliza "umejuaje?" ni tusi, ni sawa na kumwita mwongo mbele ya watoto wake, na adhabu yake ni kufagia ua wa uliyemwuliza, mbele na nyuma. Nilifagia. Mgongo wangu haukuipenda sheria ile hata kidogo, na nilikuwa nikinung'unika kwamba kwetu tunasema kuuliza si ujinga, pale Mashavu alipokuja akakaa kwenye kizingiti.

"Usitucheke, shangazi," alisema. "Zamani babu zetu walikuwa wakiulizana hivyo huku wameshika mapanga. Mtu akisema neno anabanwa: umejuaje, nani kakwambia? Akimtaja mwenziwe, huyo anafuatwa nyumbani, na harudi. Watu walikwisha. Waliobaki wakakubaliana swali hilo lisiulizwe tena. Ndiyo tukapona."

Niliacha kunung'unika. Sheria iliyozaliwa na huruma ni ngumu kuicheka, hata ikizeeka vibaya.

"Lakini swali lako limenikwama kooni," aliendelea. "Nimesoma kuta nyingi za utomvu, zaidi ya mia. Zote zina mbuzi."

"Mbuzi gani?"

"Mbuzi mdogo, amechorwa pembeni. Kuna wenye mbuzi mzuri, kuna wenye mbuzi anayefanana na meza, lakini hakuna ukuta usio naye. Nilidhani ni pambo. Sasa nakuuliza, dawa ya macho ya watu na mbuzi wapi na wapi?"

Nilimwambia aende akawaulize wenye kuta. Alitikisa kichwa. Mtu wa kawaida akiuliza hufagia, yakaisha. Mtafiti wa Baraza akiuliza huvuliwa kazi, kwa kuwa amelitukana Baraza zima. Tena alisema kwamba anampenda bibi yake, na anaogopa kuwa yeye ndiye atakayemnyima macho kwa sababu ya mbuzi wa kuchora.

"Basi nitauliza mimi," nilisema. "Wewe utafagia nami."

Tulianza alfajiri kwa Bwana Subeti, mwenye ukuta uliokuwa na shimo refu kuliko yote mjini. Mlango wake ulikuwa mkubwa kuliko nyumba. Nyuma palikuwa na mapipa ya utomvu, maana ndiye aliyeuuza, na watu walikuwa wamepanga foleni na vichupa. Nilipomwuliza alikaa chini ghafla.

"Mama, mimi nauza," alisema alipopata pumzi. "Isingekuwa kweli ningeuzaje?"

Alilisema kwa moyo mweupe kabisa. Chupa ya kwanza, alituambia, aliipeleka kwa shemeji yake mwenyewe, jana asubuhi, kabla ya mtu mwingine yeyote. Nilimwuliza shemeji anaendeleaje.

"Hajambo," alisema. "Ila hatoki ndani."

Mashavu alinitazama. Tukashika fagio. Ua wa Bwana Subeti ulikuwa mpana kama roho yake, na kabla hatujamaliza alituletea chai na kutuambia neno lile alilitoa Mtaa wa Washonaji.

Mtaa wa Washonaji ni nyumba zilizojipanga duara kuzunguka uwanja, na kila ukuta ulikuwa na utomvu na mbuzi wake. Mwenye nyumba ya kwanza alisema amelichukua kwa jirani wa kulia. Tukafagia, tukaenda kulia. Huyo naye alilichukua kulia. Tulizunguka hivyo, tukiuliza na kufagia, jua likapanda na likaanza kushuka, mpaka jirani wa mwisho akatuonyesha kwa kidole nyumba tuliyoanzia. Tulirudi kumwambia mwenye nyumba ile, tukidhani atashtuka.

Alifurahi mno. "Mnaona? Mtaa mzima unakubaliana nami."

Mashavu alikaa juu ya mawe ya kisima akafunika uso. Alisema ameandika katika taarifa yake, kwa mkono wake, kwamba mashahidi wa Mtaa wa Washonaji ni wengi na hawana shaka. Nilitaka kumfariji lakini nilikuwa nimechoka, nikamwambia tu kwamba wangeweza kuwa wengi zaidi kama mtaa ungekuwa na nyumba nyingi zaidi. Alicheka na kulia kwa pamoja.

Aliyetuokoa alikuwa mshonaji mmoja mzee aliyekuwa akitutazama mchana kutwa tukifagia. Alitufuata mwenyewe. Alisema hajawahi kuulizwa swali lile maishani mwake, na kwamba tukimwuliza hatakasirika. Nikamwuliza.

"Mimi ndiye niliyelileta mtaani," alisema. "Nililiona bondeni kwa Bi Mwantumu, mfuga mbuzi. Nilikuwa napita, mvua inanyesha, nikasoma nilichowahi. Ukuta wake ulisema utomvu wa mlembe unaponya. Nami nilikuwa na mke mwenye ukungu, kwa hiyo nikajua unaponya nini."

Alitukatalia kufagia. Alirudi ndani polepole, na nikaona kuwa tayari alikuwa akiwaza jambo ambalo hakulipenda.

Siku ya Baraza tuliamka mapema mno tukashuka bondeni. Bi Mwanakheri alikuwa bado amelala, na nyumba ya Bwana Mtumweni ilikuwa na taa. Bi Mwantumu tulimkuta akikama. Ukuta wake ulikuwa wa udongo mtupu, mbele yake nyasi zimeota na mboga za maboga zimetambaa mpaka katikati. Sehemu ya juu ilikuwa na mbuzi aliyechorwa vizuri, na maneno: Utomvu wa mlembe umemponya mbuzi wangu. Mashavu alipiga magoti akafunua majani ya maboga, na chini yake, kwa rangi ile ile iliyokauka, palikuwa na haya: Donda la kwato. Ila alijisugua uso kwa kwato kabla utomvu haujakauka, na ulipomwingia macho jicho moja limepofuka. Tahadharini, watu wangu.

Mbuzi mwenyewe alikuwa pale, amefungwa kwenye mti, jicho moja jeupe.

Na sasa niseme jambo lililonitia huzuni kuliko yote niliyoyaona katika nchi ile. Bi Mwantumu naye alikuwa na ukungu machoni. Na alipoinuka kutusalimu, alikuwa ameshika mkononi kichupa cha utomvu kutoka kwa Bwana Subeti.

"Bi mkubwa," nilisema, "si wewe uliyeandika kwamba unapofusha?"

"Niliandika la mbuzi," alijibu. "Lakini kuta zote za mjini zinasema unaponya macho. Wote wale, na mimi peke yangu huku bondeni na maboga. Nikasema labda niliona vibaya."

Hakuwa amejitia. Alikuwa akisubiri Baraza litangaze. Mashavu alimwomba kile kichupa, akakipasua juu ya jiwe, kisha akamwomba radhi kwa kukipasua, kisha akamwomba aje nasi mjini na mbuzi wake.

Juu ya mlango wa Baraza wamechonga maneno: Lisemwalo lipo. Sehemu ya pili ya methali hawakuichonga, mlango haukutosha. Ukumbi ulijaa. Bwana Mtumweni alikuwa amekaa juu ya kiti chake, na niliona kwamba uso wake ulikuwa na furaha ambayo hakuweza kuificha. Mashavu alipoitwa kusoma taarifa yake alisimama na mikono mitupu.

"Nimeulizia," alisema.

Ukumbi ulivuma. Mjumbe mmoja aliomba Mashavu avuliwe kazi papo hapo, na Bwana Mtumweni, kwa sauti ya mtu anayejikata kidole, alisema atavuliwa, lakini kwanza amalize.

"Nilisoma kuta zaidi ya mia," Mashavu alisema. "Nilidhani nimesikia watu zaidi ya mia. Kuta zile zote ni ukuta mmoja. Na ukuta huo hakuna aliyeusoma mpaka chini."

Akamwita Bi Mwantumu, naye akaeleza habari ya mbuzi wake, kwa aibu, akitazama sakafu. Mjadala uliofuata nitauandika kwa ufupi, maana nilikuwa sehemu yake na sikuwa na adabu. Mjumbe wa kwanza alisema shahidi aliyeona kwa macho yake hafai, kwa kuwa mtu akishaona huwa na upande. Afadhali waliosikia tu, hao hawana upande. Wa pili aliuliza mlango wa Bi Mwantumu una nakshi gani. Akajibiwa kuwa ni gunia. Bwana Pandu aliulizwa kuhusu nyayo.

"Nyasi, mheshimiwa," alisema. "Nyasi na maboga."

Watu walicheka, na Bi Mwantumu alijaribu kutoka. Nilimshika mkono. Nikasema kwa sauti kwamba mbuzi yuko nje, ana jicho moja, wanaweza kwenda kumtazama. Mjumbe wa tatu, mtu mpole sana, alinieleza kuwa Baraza halitazami mbuzi. Baraza husoma kuta. Likianza kutazama mbuzi litaishia wapi?

Nikamgeukia Bwana Mtumweni nikitegemea atagonga meza na kutangaza. Hakuwa akisikiliza. Furaha ilikuwa imemtoka usoni, na alikuwa akimtazama Bi Mwantumu kama vile wengine wote wameondoka.

"Bi Mwantumu," alisema taratibu. "Ilichukua muda gani?"

"Nini, mheshimiwa?"

"Mbuzi. Tangu utomvu umwingie, mpaka jicho kupofuka."

Hakuna aliyecheka. Bi Mwantumu alifikiri. "Lile nililoliwahi kwa maji lilipona," alisema. "Lile jingine alikuwa amelilalia, sikuliona mapema. Lilikwenda mpaka jua likazama. Halafu basi."

Bwana Mtumweni aliinuka. Alivua joho la ukuu akaliacha kitini, na akasema mbele ya nchi nzima kwamba alfajiri ile kuta zilikuwa zimepakwa rangi mbichi, na zilisema dawa inafanya kazi zaidi ikitiwa kabla ya jua kuchomoza. Hakuweza kusubiri. Alikuwa amemtia mama yake matone mawili. Kisha alishuka ngazi akikimbia. Mashavu alimpita mlangoni.

Nitasema sasa hivi ili roho yako itulie: jicho la kulia la Bi Mwanakheri lilihifadhi mwanga wake, na mpaka naondoka alikuwa akimtofautisha mtoto na mjukuu kwa kimo, kama zamani. La kushoto halikurudi. Lakini hayo tuliyajua baadaye. Nilipofika uani, nikihema na ndoo ya maji niliyochota njiani imenimwagikia nusu, sikujua kitu.

Kikongwe alikuwa amekaa penye jua, macho yamefungwa kitambaa cheupe, machozi ya moto yakimtiririka chini ya kitambaa, na mikono yake ilikuwa ikisuka. Mwanawe alikuwa amepiga magoti mbele yake. Mashavu alimshika bibi yake bega. Nyuma yetu barabara ilijaa watu, wajumbe kwa kanzu zao, Bwana Pandu na kijiti chake, Bwana Subeti ambaye alikuwa amesikia na sasa alikuwa akilia, akisema lazima afike kwa shemeji yake, na akaondoka mbio.

"Mama, tufungue tukuoshe," Bwana Mtumweni alisema.

"Nani afungue?" alisema Bi Mwanakheri. "Uliniambia mwenyewe. Kuta zote zinasema nisiguse maji mpaka jua lizame. Inachoma, nami navumilia, kwa kuwa kuchoma ndiko kupona. Mnataka kuniharibia dawa?"

"Mama, utomvu unapofusha."

Mikono ya kikongwe ilisimama. Nilimwona akipambana na jambo kubwa kuliko maumivu. Alikuwa mwanamke wa heshima, mama wa Mkuu wa Baraza, na watu wote wa mtaa walikuwa wakisikiliza.

"Mwanangu," alisema, "umejuaje?"

Watu waliinamisha vichwa. Mjumbe mmoja aliziba masikio. Bwana Mtumweni hakuona aibu. Au aliiona, lakini haikumzuia.

"Nimeambiwa na Bi Mwantumu wa bondeni," alisema. "Alimtia mbuzi wake kwenye donda la kwato, ukamwingia macho. Jicho aliloliosha lilipona. Ambalo hakuliosha lilikufa. Ya watu sijui, mama. Najua ya mbuzi tu."

"Umesoma ukutani kwake?"

"Sijasoma. Nimemwuliza mwenyewe."

Bi Mwanakheri aliinua mkono akalegeza fundo la kitambaa, akakitoa polepole, akaegemeza kichwa nyuma juu ya mkono wa mjukuu wake.

"Basi mimina," alisema.